Mbegu Husafirije?

Mmea hauna miguu, lakini mbegu zake hufika mbali. Tutazame mfano mmoja.

Agosti 1883 volkano ya Krakatau, kisiwa kilicho kati ya Java na Sumatra nchini Indonesia, ililipuka. Sehemu kubwa ya kisiwa ilizama, na iliyobaki ikafunikwa na majivu. Mwaka 1886 mtaalamu wa mimea Melchior Treub alikuta mimea imeanza kuota tena, ikiwemo ya maua. Ilifikaje? Njia ni tatu:

1. Bahari: nazi huelea kwa sababu ya makumbi yake.
2. Upepo: mbegu za nyasi nyingi ni nyepesi, hupeperushwa.
3. Wanyama: ndege na popo hula matunda ya jamii ya mkuyu, kisha huziacha mbegu katika kinyesi.

Lakini kufika si kustawi. Miti hiyo haizai mbegu bila nyigu wadogo wanaochavusha maua yake. Nao walilazimika kuvuka bahari. Leo pana msitu.

Basi kijana, kabla hujamlenga popo kwa manati, kumbuka: huyo ni mpanzi wa miti.