Mbio za skeiti zinaanzia kwenye udongo

Kijana wa Dutumi anayetaka kujiunga na wenzake katika mbio za viatu vya magurudumu, au skeiti kama wengi wanavyoviita, swali la kwanza analokutana nalo ni la barabara. Njia nyingi za kata hii ya Kibaha Vijijini ni za udongo: kiangazi vumbi na kokoto, masika tope. Lami kubwa ni Barabara ya Morogoro pale Mlandizi, na hiyo niseme mapema kabisa kwamba si mahali pa mazoezi. Malori na mabasi ya mikoani hayakatiki pale usiku na mchana, na Hospitali ya Tumbi imepokea majeruhi wa barabara ile miaka nenda rudi. Wapo vijana wa mjini wanaoshika nyuma ya gari ili liwavute. Mwenye tabia hiyo kikundi kimkanye, na asiposikia aondolewe, kwa sababu siku akianguka yeye hataanguka peke yake.

Sasa lililo jema: sehemu kubwa ya mchezo huu hujifunzwa bila viatu vyenyewe. Hata mabingwa wa dunia hufanya mazoezi mengi ardhini wakiwa na raba za kawaida, na uwanja wa mpira wa kijiji unatosha kwa kazi hiyo. Simama miguu ikiachana kwa upana wa nyonga. Kunja magoti mpaka ukitazama chini usione vidole vya miguu, kwa kuwa goti limevifunika. Inamisha kiwiliwili, macho yaelekee mbele. Kaa hivyo kwa sekunde 30, pumzika, rudia. Mapaja yatawaka moto, na ndiyo kazi yenyewe. Ukishazoea, peleka mguu mmoja pembeni mpaka unyooke, uzito wote ubaki kwenye mguu wa pili; pua, goti na vidole vya mguu uliobaki viwe kwenye mstari mmoja. Mwenzako asimame mbele yako akague mstari huo, maana mwenyewe huwezi kuuona. Hapo ndipo faida ya kikundi inapoonekana, kabla hata ya gurudumu la kwanza kuzunguka.

Baada ya hapo ruka kutoka mguu hadi mguu, kushoto na kulia, ukitua kwa goti lililokunjwa na kutulia kidogo kabla ya kuruka tena. Zoezi hili linamwondolea mgeni kosa analokuja nalo karibu kila mmoja: kusukuma nyuma kama mkimbiaji. Kwenye skeiti nguvu inatokea pembeni, kwa sababu gurudumu linaloelekea mbele halina cha kujishikiza ukilisukuma nyuma.

Kwa mazoezi ya magurudumu tafuteni saruji laini iliyofungwa isiingie gari. Uwanja wa mpira wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na huo unatosha kujifunza kuanza, kusimama na kukata kona. Nendeni kwa mwalimu mkuu wa shule yenye uwanja kama huo na barua iliyopitia kwa mtendaji wa kijiji, mkitaja siku, saa na mtu mzima atakayesimamia. Mkikosa uwanja, kumbukeni kwamba Kitintale, jijini Kampala, vijana walijijengea uwanja wao wa saruji wa kuchezea mbao za magurudumu mwaka 2006, bila kusubiri mradi. Mashindano ya skeiti ya uwanjani hukimbiwa kwa kuzunguka upande wa kushoto, kwenye njia ya mita 200, kwa hiyo kona ya kushoto ndiyo ya kurudiwa zaidi: mguu wa kulia unavuka mbele ya wa kushoto, na wa kushoto unasukuma kwa chini.

Viatu vya mbio vina shingo fupi, havina breki, na magurudumu yake hufika milimita 110 hata 125. Anayeanza asivikimbilie. Achukue vya kawaida vinavyoshika kifundo cha mguu, vyenye breki kisiginoni. Kwenye mitumba angalia kama ganda lina ufa na kama magurudumu yamelika upande mmoja. Kulika si tatizo kubwa, kwani unaweza kuyageuza na kuyahamisha kutoka kiatu hiki kwenda kingine. Kofia ngumu ya baiskeli, kinga za viganja, viwiko na magoti ni lazima. Asiye na kofia siku hiyo afanye mazoezi ya ardhini.

Vumbi letu ndilo adui wa beringi. Kila gurudumu lina mbili, za namba 608. Ukilizungusha kwa kidole likasimama upesi au likalia, zitoe, zifute, zioshe kwa mafuta ya taa mbali na moto, ziache zikauke kabisa, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani. Ukitia mengi, vumbi litanata.

Kikundi kikishaweza kusimama bila kushikana, anzeni msafara. Wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanaokoa nguvu. Ndiyo maana mabingwa humaliza kilomita 42 chini ya saa moja. Wote wasukume kwa mdundo mmoja, la sivyo miguu itagongana. Wa mbele akichoka anatoka upande mliokubaliana, bila kusimama ghafla, na kurudi mkiani. Ni yeye anayepaza sauti: “Shimo!” “Mchanga!” Mchanga juu ya saruji uogopeni kuliko shimo, kwa sababu hauonekani mpaka uwe juu yake. Fagieni kabla ya kuanza. Mgeni akae nyuma kabisa, na asiingie kabla hajaweza kusimama kwa kuburuta mguu wa nyuma. Mvua ikinyesha, rudini kwenye mazoezi ya ardhini.

Hakuna haja ya kudhani mchezo huu unaishia uwanjani pa shule. Erin Jackson, Mmarekani mweusi wa Ocala, Florida, alilelewa na magurudumu kabla ya kuhamia kwenye barafu, na mwaka 2022 akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 500 jijini Beijing. Ocala pia hakuna barafu.

Kila siku ya mazoezi msimamizi awe na namba za simu za wazazi wote, maji ya kutosha na usafiri unaojulikana. Aliyegonga kichwa haendelei siku hiyo, hata akisema yuko salama. Akitapika, akizubaa, akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asiachwe alale nyumbani kusubiri asubuhi.