SOMO LETU: BETRI ZILIZOKUFA KWANZA

Ndugu wafanyakazi, mwaka 2021 niliitwa kwenye shamba moja la maua ambako wenzetu watatu walikuwa wamepewa barua za kujieleza. Shutuma ilikuwa wizi wa betri. Menejimenti ilikuwa imefunga vidude katika mabanda yote ya plastiki. Kila kidude hupima joto na unyevu wa udongo, kisha hupeleka vipimo ofisini kwa redio, bila waya. Betri zote zilitiwa siku moja. Vidude vya jirani na ofisi vikazimika kwanza, vya mbali vikaendelea. Msimamizi akakata shauri kwamba wafanyakazi wa mabanda yale wamechukua betri nzima na kuweka mbovu.

Nami sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa fundi wa redio, akanifundisha haya ninayowaandikia.

Katika kidude cha namna hii kupima hakuli umeme mwingi. Mlaji mkubwa ni redio. Na hapa ndipo wengi tunapokosea: tunadhani redio hula inaposema tu. Chukua redio iitwayo CC2420, ambayo imetumika sana katika vifaa hivi. Ikisema kwa nguvu yake yote hula miliampea 17.4. Ikisikiliza tu, hata kama hakuna anayesema, hula 18.8. Ni kama mlinzi wa zamu ya usiku: mwizi asipokuja, uchovu ni ule ule.

Tufanye hesabu. Betri nzuri ya saizi ya AA ina kiasi cha miliampea-saa 2,500. (Zikifungwa mbili kwa kufuatana hesabu hii haiongezeki, huongezeka volti.) Gawa kwa 18.8, utapata saa 133, yaani siku tano na nusu. Sasa redio hiyo ilazwe, iamke sekunde moja tu katika kila sekunde mia. Betri zile zile zitafika saa 13,300, kama mwaka mmoja na nusu. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Shambani hupungua, maana hata kilicholala hula kidogo. Tena vidude lazima vipatane saa ya kuamka, la sivyo kimoja kitasema na kingine kimelala.

Turudi kwenye kesi yetu. Redio ya kidude cha mbali haifiki ofisini. Hukipa jirani habari, naye jirani hukipa kinachofuata. Kwa hiyo kidude cha karibu na ofisi hubeba vipimo vyake na vya vyote vilivyo nyuma yake. Huamka mara nyingi, husema mara nyingi, hufa kwanza.

Mafundi wanalijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 2000 Wendi Heinzelman na wenzake wawili wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa mpango uitwao LEACH. Vidude hugawanywa makundi. Kiongozi wa kundi hukusanya habari za wenzake, huzifupisha na kuzipeleka, na uongozi huo huenda kwa zamu ili kisichoke kimoja. Sisi wa chama tungeweza kuwaambia hilo bila kwenda chuo.

Kikaoni nilichora mchoro ubaoni, nikaomba kompyuta ioneshe kila kidude kimetuma mara ngapi. Barua tatu zikafutwa. Lakini kupanda ngazi kubadilisha betri ni kazi waliyoongezewa bila malipo, haimo katika mkataba, na juu ya hilo menejimenti haijajibu hadi leo.