Darubini Ndogo na Pua ya Simba

Pua ya simba mchanga huwa ya waridi, na kadiri umri unavyosonga huingiwa na madoa meusi. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao, waliowachunguza simba wa Serengeti, walionyesha kwamba dume ambaye nusu ya pua yake imekuwa nyeusi kwa kawaida ametimiza miaka 5. Jambo hilo si dogo. Dume kijana anayelinda kundi akipigwa risasi, madume wageni huingia na kuwaua watoto aliowaacha. Kwa hiyo mwindaji katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania anapochagua darubini, yampasa kujiuliza kama ataweza kuipambanua rangi ya pua kwa mbali, tena alfajiri, simba akiwa bado yupo kwenye chambo.

Wengi hupenda darubini ndogo iingiayo mfukoni, wala hawakukosea: chombo cha gramu 300 hubebwa kutwa nzima, na kile cha gramu 700 mara nyingi huachwa garini. Lakini tarakimu zilizoandikwa juu yake hazina budi kusomwa. 8x25 maana yake ni kwamba darubini hukuza mara 8, na kwamba kipenyo cha lenzi ya mbele ni milimita 25. Simba aliye umbali wa meta 80 huonekana kana kwamba yupo meta 10. Gawanya 25 kwa 8: jawabu, milimita 3.1, ni kipenyo cha duara la nuru litokalo nyuma ya darubini na kuingia jichoni.

Mchana mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, na duara hilo latosha kabisa. Alfajiri mambo hugeuka. Mboni hupanuka hadi milimita 5, na kwa vijana hata 7, nayo darubini ndogo haina nuru ya kuijaza. Darubini ya 8x42 hutoa duara la milimita 5.25. Na kwa kuwa nuru hufuata eneo wala si kipenyo, mboni iliyopanuka hupata nuru mara 2.8 zaidi, yaani mraba wa 42/25. Isitoshe, katika giza seli za jicho zitambuazo rangi hushindwa kwanza, na rangi zenye wekundu huelekea weusi kabla ya nyingine, kama alivyoeleza mwanasayansi Jan Purkyně wa Bohemia katika karne ya 19. Pua changa yaweza basi kudhaniwa kuwa pua ya mzee!

Darubini ya 10x25, ambayo wauzaji huisifu kwa kukuza zaidi, hutoa milimita 2.5 tu, na hukuza mtetemo wa mkono pia. Asiyetaka mzigo ni afadhali achukue 8x32, ambayo hutoa milimita 4.

Liko jambo jingine lisiloandikwa juu ya chombo. Kila uso wa kioo usiopakwa kitu hurudisha kiasi cha asilimia 4 ya nuru, na ndani ya darubini zimo nyuso nyingi, za lenzi na za miche inayoigeuza picha iliyopinduka. Nyuso 10 tu huacha asilimia 66. Utando mwembamba uliobuniwa na Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935 hupunguza sana hasara hiyo. Kwa hiyo darubini ndogo yenye utando kwenye nyuso zote yaweza kuishinda kubwa iliyotengenezwa kwa uzembe.

Mwanafunzi aweza kuyapima haya darasani. Aishike darubini mbali na uso, lenzi za mbele zikielekea mbingu nyeupe (kamwe asiielekeze kwenye jua), kisha aweke rula juu ya lenzi ya jichoni na kupima duara la nuru. Likionekana limekatwa pembeni na kukaribia umbo la mraba, miche iliyomo ni midogo au ya kioo hafifu, na sehemu ya nuru inapotea njiani.