Mwongozo Ushuke Kabatini, Upande Ukutani: Vidokezo 10 vya Kugeuza Nyaraka za Kitaalamu Kuwa Slaidi

Tunduma ina malori, ina mahindi, na ina miongozo. TRA ina wake, TBS ina wake, Uhamiaji vilevile, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) haiko nyuma. Ukirudi na barabara ya TANZAM hadi Mbozi utakuta ya kahawa. Mingi imepangwa vizuri: sura, vifungu, majedwali, viambatisho. Shughuli huanza bosi anapokuambia, "Alhamisi una semina, andaa slaidi." Wengi hufungua mwongozo, wakanakili aya, wakabandika, na kumalizia na "Asanteni kwa kunisikiliza". Washiriki wanaondoka na soda mkononi, kichwani hamna kitu.

Vidokezo hivi ni kwa ofisa, wakala wa forodha, afisa ugani au mkufunzi yeyote mkoani Songwe anayetakiwa kusimama mbele ya watu na waraka mzito. Ukiufupisha tu waraka, bado hujafika. Inabidi uupange upya kwa kufuata kazi ya anayekusikiliza, kisha umwonyeshe njia ya kurudi kwenye waraka wenyewe.

1. Jua nani amekaa kwenye viti

Mwongozo mmoja huzaa semina nyingi. Dereva anayepeleka mzigo Lubumbashi anataka kujua aingilie geti gani, karatasi zipi awe nazo, na lakiri ikikatika njiani afanye nini. Mama anayevusha magunia machache ya mchele kwenda Nakonde anataka kujua atalipa nini, kwa nani, na risiti ataipata wapi. Wakala wa forodha anataka undani wa tamko la mzigo. Ukiwachanganya watatu hao kwenye slaidi zilezile, kila mmoja atasinzia kwa zamu yake. Andika juu ya karatasi sentensi moja: "Wakitoka hapa waweze kufanya nini?" Kila kisichojibu swali hilo kibaki kwenye mwongozo.

2. Geuza sura ziwe hatua

Waraka wa serikali kwa kawaida hupangwa kwa taasisi: sura ya forodha, ya viwango, ya mimea, ya uhamiaji. Mfanyabiashara haishi hivyo. Yeye ana siku: asubuhi ghalani, mchana kwa wakala, jioni mpakani. Chukua safari ya mzigo mmoja, tuseme mahindi kutoka Momba kwenda Zambia, uifuate mwanzo hadi mwisho. Kila taasisi itajitokeza palepale mzigo unapoihitaji.

Hapa Tunduma mpangilio huu una faida ya pekee. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa na Marais John Magufuli na Edgar Lungu tarehe 5 Oktoba 2019, hufanya kazi kwa kanuni ya kusimama mara moja: maofisa wa nchi zote mbili huhudumia mzigo upande ule unaoingia. Unaotoka Tanzania humalizia Nakonde, unaotoka Zambia humalizia Tunduma. Kwa maandishi, kanuni hiyo hula aya nzima. Kwa slaidi ni mishale miwili na mstari wa mpaka katikati, na hata aliyechelewa kuingia ukumbini ataelewa.

3. Waraka ukiwa na mitindo, iachie kompyuta kazi ya kubeba

Kabla ya kunakili chochote, angalia kama vichwa vya waraka vimewekwa kwa mitindo ya Word (kichwa cha ngazi ya kwanza, ya pili na kuendelea) au vimekolezwa wino tu. Kama ni mitindo, una bahati. PowerPoint inaweza kuusoma waraka huo kama muhtasari: kichwa cha ngazi ya kwanza kinakuwa jina la slaidi, cha pili kinakuwa hoja ndani yake, na aya za kawaida zinabaki nyuma. LibreOffice, ambayo ni ya bure, nayo inaweza kutuma muhtasari wa waraka kwenye programu yake ya slaidi.

Wanaoandika kwa maandishi mepesi ya Markdown wana Pandoc, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Unaichagulia ngazi ya kichwa ambapo slaidi mpya ianzie, na faili lilelile linakutolea kitini na slaidi. Kanuni ikibadilika, unarekebisha mahali pamoja.

Ila usilewe. Kompyuta hubeba, haichagui. Kitakachotoka ni mifupa ya waraka, bado kwa mpangilio wa taasisi. Kukiweka kwa hatua ni kazi yako.

4. Jina la slaidi liseme jambo zima

"Nyaraka za mazao" ni kichwa cha sura. "Pata cheti cha afya ya mimea kabla ya kupakia lori" ni jina la slaidi. La kwanza linamwambia mtu mada, la pili linamwambia afanye nini. Ukimaliza, soma majina ya slaidi peke yake kutoka juu hadi chini. Yakisomeka kama maelekezo yanayofuatana, kazi imekwenda vizuri. Yakisomeka kama yaliyomo ya kitabu, rudi kidokezo cha pili.

5. Onyo lisikae mkiani

Mwaka 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiligongwa bawa na kipande cha povu wakati wa kuruka. Wahandisi waliwaonyesha wakubwa wa NASA slaidi za tathmini. Slaidi moja ilibeba kichwa cha kutuliza moyo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ikaeleza kwamba povu lile lilikadiriwa kuwa inchi za ujazo 1,920, ilhali jaribio walilotegemea lilitumia kipande cha inchi 3. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea duniani na wanaanga wote 7 wakafa. Tume ya uchunguzi ikasema ni rahisi kuona jinsi mkubwa angeweza kuisoma slaidi ile asitambue kwamba maisha ya watu yako hatarini.

Miongozo yetu nayo ina tabia ya kuficha mazito kwenye "Zingatia" ya mwisho wa ukurasa: dawa hii isipuliziwe bila barakoa, lori la mafuta lisiegeshwe hapa, lakiri isiguswe na mtu asiyeruhusiwa. Kila onyo la namna hiyo lipe slaidi yake, kabla ya hatua linayoihusu.

6. Usibandike jedwali, fundisha kulisoma

Jedwali la ushuru likibandikwa ukutani ni ukungu mtupu. Mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa una sura hadi ya 97, na katika Afrika Mashariki namba hufika tarakimu 8. Hakuna atakayeusoma kutoka kiti cha nyuma. Chukua mstari mmoja wa bidhaa wanayoijua, uupasue: 10 ni nafaka, 1005 ni mahindi, 1005.10 ni mahindi ya mbegu, 1005.90 ni mahindi mengine. Tarakimu 6 za kwanza ni zilezile upande wa pili wa mpaka na duniani kote kwa nchi zinazofuata mfumo huo. Dakika mbili tu, na mfanyabiashara ameona kwa nini mbegu na mahindi ya kula si mzigo mmoja mbele ya forodha. Jedwali lenyewe mpe mkononi, kwenye karatasi.

7. Rahisisha sentensi, usilegeze sharti

"Lazima" isigeuke "ni vizuri". "Ndani ya siku 7" isiwe "mapema". "Na" isichukue nafasi ya "au", maana hapo ndipo mtu anarudishwa na lori lake. Sentensi ndefu ikate, lakini namba, vipimo, muda na masharti yavuke salama. Chini ya slaidi, kwa herufi ndogo, andika chanzo: jina la mwongozo, kifungu, ukurasa. Na majina yanayoonekana kwenye fomu au kwenye mfumo wa forodha wa TANCIS yaache yalivyo, kisha uyaeleze kwa mdomo. Mtu akifika dirishani atatafuta neno aliloliona kwenye slaidi, na alikute.

8. Picha iwe ya hapa, na uijaribu ukutani

Mwongozo wa kahawa unaweza kueleza kutu ya majani kwa aya mbili. Mkulima wa Mbozi anahitaji picha mbili: unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, na kando yake jani lenye afya. Kwa ugonjwa wa chulebuni, ni matunda mabichi yenye mabaka meusi yaliyobonyea. Piga picha kwenye shamba la jirani ili mkulima aone mibuni kama ya kwake. Kisha iangalie kupitia projekta yenyewe, kwa sababu projekta iliyochoka hugeuza rangi ya chungwa kuwa njano, na hapo umemfundisha mtu ugonjwa usiokuwepo. Eneo la forodha lina masharti yake, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kutoa simu mfukoni.

9. Andaa semina isiyotegemea umeme

Madirisha ya ukumbi hayana mapazia, jua la saa nane linaingia hadi ukutani, na umeme una mambo yake. Ukiacha mstari wa chanzo, tumia herufi za pointi 28 kwenda juu, maandishi meusi juu ya weupe, kisha nenda usimame nyuma kabisa ujisomee. Hifadhi nakala ya PDF ili mwandiko usivurugike kwenye kompyuta ya mwenzako, na itume kwenye kundi la WhatsApp la washiriki mapema. Slaidi tatu muhimu zaidi zichapishe kwenye karatasi kubwa. Umeme ukikatika, unabandika na kuendelea, na huenda watu wakasikiliza vizuri zaidi.

10. Kila slaidi iwe na tarehe, na semina iishie kwa zoezi

Slaidi huzeeka kabla ya mwongozo kutolewa upya. Aliyefundisha mwaka 2021 kwamba ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vikuu vitatu, 0, 10 na 25 kwa mia, alikuwa sahihi. Tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa cha nne cha 35 kwa mia, na slaidi zake zikawa upotoshaji. Weka tarehe ya toleo kwenye kona ya kila slaidi, na kila mwaka mpya wa fedha uanzapo mwezi Julai zipitie zote. Na usizihamishe kichwakichwa kwenda Isongole wilayani Ileje: kule jirani ni Malawi, na masharti ya upande wa pili ni mengine.

Mwishoni, badala ya slaidi ya asante, weka mzigo mmoja: gunia 200 za mahindi, lori, dereva na mteja wa Nakonde. Wagawe watu wawili wawili, wape miongozo halisi, waambie watafute kifungu kinachohusu kila hatua. Wakikwama, tazama wamekwama wapi, maana hapo ndipo slaidi yako inapotaka kurekebishwa. Wakikipata bila kukuuliza, funga kompyuta. Kuanzia siku hiyo mwongozo utakuwa na wasomaji, na maswali yatakayokujia kwa simu yatakuwa yale magumu tu.