Idi, Mwezi na Maji ya Bamvua



Kila Idi ya Mfunguo Mosi watoto wengi wa Mombasa na Unguja, wakishasali na kula, huteremka pwani. Maji watakayoyakuta huko hujulikana kabla ya kutoka nyumbani, kwa kutazama tarehe ya mwezi tu.

Mwezi na jua huvuta maji ya bahari. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, vyote viwili huvuta kwa mstari mmoja, na hapo huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ni karibu na tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17. Karibu na tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Basi Idul-Fitri, kwa kuwa ni mwezi mosi, huangukia bamvua kila mwaka.

Siku hiyo kwenye pwani zetu maji hupwa kabisa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Mtoto hukuta mchanga mtupu na vidimbwi, akatembea mpaka mwambani akiokota kombe. Maji yakianza kurudi huja polepole, naye hana habari. Lakini katika saa ya tatu na ya nne, yaani kuanzia kama saa 7 mchana, hupanda nusu ya kipimo chote. Bamvua ikiwa ya mita 3, hiyo ni mita moja na nusu, kimo kinachompita mtoto wa miaka 10. Tena hayaji kwa mbele tu. Huzunguka kupitia sehemu za chini zilizo nyuma yako, ukabaki juu ya fungu la mchanga. Kwa hiyo maji yakigeuka, nawe geuka.

Jioni, baada ya saa 11, maji hutoka kwa kasi, na penye mlango wa mwamba mkondo humchukua hata mwogeleaji hodari. Ukichukuliwa usishindane nao. Elea chali, upumue, kisha ogelea kwa ubavu, sambamba na pwani, mpaka utoke katika mkondo.

Wasichana, buibui likirowa huwa zito na kuzonga miguu. Vazi la sitara la kuogea liwe jepesi, lisiburure.

Ukimwona mwenzako anazama usimrukie, kwani atakushika mzame wote wawili. Mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko, au kamba, na upige kelele watu wazima waje. Mtume (SAW) amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni faraja kwa wafiwa, si ruhusa ya uzembe.

Zoezi: Idul-Adh-ha ni tarehe 10 Mfunguo Tatu. Je, maji yatakuwa ya namna gani? Andika jibu, kisha muulize mvuvi mmoja wa mtaani kwenu.