Kuziba na Kuisha: Vitenzi vya Ufundi wa Pikipiki za Kichina katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Makala haya yanachunguza vitenzi vitumiwavyo katika kutengeneza pikipiki ndogo za Kichina kwenye mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Wanaisimu wanapoandika kuhusu lugha ya ufundi, aghalabu hushughulikia nomino. Huorodhesha kabureta, plagi, klachi, gia, beringi, pistoni na silinda, huonyesha jinsi maneno ya Kiingereza yalivyotoholewa na kupewa irabu za mwisho, kisha hufunga daftari. Kazi hiyo ina manufaa yake, lakini haimwambii msomaji jinsi pikipiki iliyokufa inavyofufuliwa. Nomino za karakana kwa sehemu kubwa ni za kukopwa. Vitenzi, ukiondoa vichache kama vile kunoki na kuchaji, ni vya Kiswahili chenyewe, na ndani ya vitenzi hivyo ndimo maarifa ya fundi yalimohifadhiwa.

Kwanza, chombo chenyewe. Biashara ya bodaboda ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, na jina lake linatokana na safari hizo za mpaka hadi mpaka. Pikipiki zilienea nchini Kenya kwa kasi baada ya mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zenye injini ya chini ya sentimita za ujazo 250. Miongoni mwa zilizoingia kwa wingi ni zile za Kichina za bei nafuu: Skygo, Haojin, Shineray, Dayun na nyinginezo. Majina kwenye tangi yalitofautiana, lakini ndani ya nyingi mlikuwa na injini ya aina moja, nakala ya Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako matengenezo ya mara kwa mara hayatarajiwi. Valvu zake huinuliwa kwa vijiti vya chuma badala ya mnyororo, na jambo hilo huifanya injini iwe rahisi kufunguliwa hata nyumbani.

Nyumbani ndiko inakofunguliwa. Katika ploti za Dandora, mtaa ulioanzishwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, vyumba huzunguka ua mmoja; huko, kama ilivyo Kayole, Umoja na Huruma, pikipiki iliyolala miezi mingi hutengenezwa kati ya kamba za nguo na mitungi ya maji. Zana ni spana chache, bisibisi, koleo, msasa na mkebe wa petroli. Anayeitengeneza huwa na haraka. Dereva aliyekodi pikipiki hutakiwa kumpelekea mwenyewe fedha za kila siku, na siku ya kutengeneza ni siku isiyo na mapato. Kwa hiyo swali la kwanza uani huwa moja: je, hitilafu hii inataka kazi ya mikono tu, au inataka kipuri?

Sarufi ya Kiswahili inalo jibu la swali hilo, na hapo ndipo kiini cha makala haya kilipo. Lugha ina kauli ya kutendua, yaani mnyambuliko unaotengua tendo la kitenzi cha awali: ziba huzaa zibua, kwama huzaa kwamua, ganda huzaa gandua, kunja huzaa kunjua, funga huzaa fungua. Hitilafu inayotajwa kwa kitenzi chenye umbo la kutendua huelekea kuwa ni ile inayoweza kutenguliwa kwa mikono. Kwa upande wa pili kuna vitenzi kama kuisha, kuliwa, kuungua na kuchakaa. Hivi havina umbo la kutendua. Hakuna kitenzi cha kutengua kuisha, na hakuna fundi awezaye kukirudisha kilicholiwa. Fundi anaposema “imeziba”, mwenye pikipiki hupumua. Anaposema “imeisha”, huanza kuhesabu nauli ya kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan.

Mfano ulio wazi ni kabureta. Petroli inayokaa muda mrefu huacha utando unaonata, nao huziba jeti, yaani vitundu vyembamba vya kupitishia mafuta. Dalili yake ni injini kuwaka, kukohoa na kuzimika. Fundi hufunga bomba la tangi, hufungua bakuli la chini la kabureta, huzichomoa jeti mbili, kubwa na ndogo, huziloweka katika petroli safi na kuzipuliza kwa pampu. Kuzibua kwa waya ni kosa la wanafunzi wengi: waya hukikwaruza na kukitanua kitundu, mafuta hupita kuliko kipimo, na hitilafu ya kuziba inageuzwa kuwa ya kuisha.

Pistoni iliyokwama kwa kutu nayo hufuata kanuni iyo hiyo. Plagi hufunguliwa, dizeli kidogo hutiwa katika silinda, nayo huachwa usiku kucha; asubuhi injini huzungushwa polepole kwa mkono. Asiye na subira akipiga kiki kwa nguvu huweza kuvunja ringi. Sahani za klachi zilizogandamana kwa kulala muda mrefu huganduliwa. Lakini pistoni iliyokamata kwa kukosa oili haikukwama; imeungua, na imeikwaruza silinda. Mafundi husema injini imenoki. Hapo hutakiwa silinda, pistoni na ringi mpya.

Hata kununua kipuri kunataka kusoma. Kwenye injini nyingi za Kichina huandikwa mfano wa 156FMI au 162FMJ. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda. Mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita. F ni kupoozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni daraja la ujazo: I kwa 125, J kwa 150. Mwendo wa pistoni katika injini hizi za aina ya CG kwa kawaida ni milimita 49.5 kwa zote mbili, lakini kipenyo ni 56.5 kwa moja na 62 kwa nyingine. Anayeitaja “pistoni ya Skygo” dukani hajasema kitu; anayetaja herufi na tarakimu hizo amesema yote.

Kuna vitenzi vinavyohitaji sikio. Tapeti, yaani skrubu za kurekebishia nafasi ya valvu, husemwa kuwa “zinalia” nafasi ikiwa kubwa mno. Mwenye pikipiki hukerwa na mlio huo na kutaka zikazwe hadi zinyamaze. Nafasi ifaayo kwa injini hizi ni takriban milimita 0.08, injini ikiwa baridi kabisa na pistoni ikiwa juu mwisho wa mbano, alama ya T ikiwa imesimama mahali pake. Tapeti zilizokazwa kupita kipimo hazilii hata kidogo, lakini valvu haifungi sawasawa, moto hupenya, na valvu huungua. Ukimya huo ni ghali kuliko kelele.

Vilevile moshi husomwa. Husemwa kwamba injini “inakula oili” pale moshi unapotoka wa kibuluu. Moshi mweusi ni wa petroli nyingi. Ikiwa mbano ni hafifu, kijiko kimoja cha oili hutiwa kupitia tundu la plagi: mbano ukipanda, ringi zimeisha, usipopanda, valvu ndizo zishukiwe. Katika hatua hii neno “mafuta” linapaswa kutumiwa kwa tahadhari, kwa kuwa latumika kwa petroli, kwa oili, na hata kwa grisi. Mwanafunzi anayeambiwa “mafuta yanavuja” bila kuonyeshwa ni yapi, amepewa nusu ya habari.

Lakini utata mkubwa zaidi haumo katika nomino. Umo katika jozi ya kulegea na kukaza. Jozi hii haikutokana na mnyambuliko. Ni mizizi miwili inayopingana, na msemaji huidhania kuwa ya kutenguana kama ziba na zibua. Mnyororo ukilegea hukazwa kwa nati za ekseli ya nyuma, hadi ucheze takriban sentimita mbili katikati. Ni sahihi, mradi umelegea. Mnyororo ulioisha nao huonekana umelegea, na meno ya sproketi yaliyoliwa hupinda kama kulabu; kukaza hapo ni kuahirisha kukatika. Mnyororo na sproketi zake mbili hubadilishwa pamoja, kwani mnyororo mpya juu ya meno yaliyoliwa huchakaa upesi.

Katika breki, kosa hili la kitenzi huweza kuua. Breki ya ngoma ina vipande viwili vilivyopinda, viitwavyo viatu, vinavyosukumwa kugusa ngoma ya gurudumu. Bitana yake inapopungua, pedali hushuka, naye dereva husema breki imelegea. Nati ya fimbo hukazwa, pedali hupanda, na wote huridhika. Jambo hili hurudiwa mara nyingi, na kila mara kukaza kunaficha kuisha. Pikipiki nyingi zina mshale kwenye mkono wa breki na alama kwenye kifuniko cha ngoma: breki ikikanyagwa na mshale ukaifikia alama, viatu vimekwisha, nati ikazwe isikazwe. Kipimo hicho hakihitaji zana yoyote, na wengi hawakiangalii. Ngoma ikifunguliwa, vumbi lake lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa mdomo, kwani bitana nyingine huwa na asbestosi.

Tangu pikipiki za Kihindi za Boxer na TVS zishike soko, za Kichina za awali zimekuwa za kununuliwa kuukuu na kufufuliwa, na pikipiki za umeme nazo zimeanza kuonekana jijini. Watafiti wa Kiswahili wana kazi ya kunakili vitenzi hivi wakati injini zenyewe zingali zinafunguliwa uani, pamoja na kueleza kila kitenzi kinadai mkono au kipuri. Kukohoa na kuziba havina kazi katika chombo kisicho na kabureta. Kufa kumeshahamia kwenye betri. Kukaza na kulegea vinabaki, maana hata pikipiki ya umeme ina nati, ina gurudumu, na ina breki zinazokwisha.