Adui Niliyepewa

Vijana wenzangu, leo tujifunze kupitia gemu ya Fallout: New Vegas, iliyotoka mwaka 2010. Hadithi yake ni ya mwaka 2281 katika jangwa la Mojave, Marekani, miaka mingi baada ya vita vya nyuklia.

Mara ya kwanza nilicheza upande wa NCR, jamhuri iliyotoka California. Kanali Moore akaniagiza niwamalize Brotherhood of Steel, waliojificha chini ya ardhi. Nikalipua ngome yao. Halafu nikabaki najiuliza: hivi hawa wangeungana dhidi ya jeshi la Caesar, ingekuwaje?

Nikaanza upya. Kumbe inawezekana! Ukimsaidia Mzee McNamara abaki kiongozi, anakubali mapatano, na kwenye vita vya Bwawa la Hoover watu wake wanakuja kuisaidia NCR. Ukimweka Hardin badala yake, mlango huo unafungwa. Kwa Mr. House ndiyo kabisa: yeye anataka wafutwe tu.

Moore hakuniambia kuna njia nyingine. Lakini na mimi sikuuliza.

Na wewe je? Nani umeambiwa ni adui yako, na hujawahi kukaa naye ukamsikiliza?